Tone la Nane

Kazi ya fundi wa maabara huanza kwenye karo la kuoshea vyombo. Katika shule moja ya upili karibu na Nyakoe, kando ya barabara kuu ya kutoka mjini Kisii kwenda Kisumu, fundi ameinua bika hadi usawa wa dirisha na anatazama maji yanavyoteremka kwenye ukuta wake wa ndani. Yakiteremka kwa utando mmoja usiokatika, bika ni safi. Yakijikusanya vitone vitone, pana mafuta, na bika inarudi kwenye sabuni. Baada ya sabuni huja maji ya bomba, na baada ya maji ya bomba huja maji yaliyokenekwa, kidogo kidogo kutoka chupa ya kuminya, huku chombo kikizungushwa ili kila upande upate. Maji ya bomba yana chumvi zake. Kloridi ikibaki ndani ya neli ya majaribio itatoa weupe ikikutana na nitrati ya fedha, na mwanafunzi atauandika weupe huo kuwa jibu.

Wanafunzi humwita mwalimu, ingawa cheo chake ni fundi wa maabara. Walimu humwita mzee. Anachokitayarisha leo ni zoezi la kidato cha nne: kutambua ioni za metali kwa kutumia amonia na sodiamu hidroksidi. Zoezi hili linatoka kwenye mada ya asidi, besi na chumvi, ambamo ioni changamano hutajwa kwa jina, na hurudi tena na tena katika karatasi ya tatu ya Kemia ya mtihani wa KCSE, ile ya saa mbili na robo ambayo mtahiniwa huifanya kwa mikono yake. Vitabuni, ioni changamano ni mabano mraba na tarakimu ndogo. Hapa ni chupa, dropa na raki ya mbao yenye matundu.

Chumvi ya kwanza ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Fundi anafungua kopo, anavunja bonge kwa mchi wa kauri, kisha anaweka karatasi iliyokunjwa juu ya mizani na kubonyeza hadi mizani isome sifuri. Anataka gramu 12.48, kiasi kinachotoa nusu lita ya myeyusho wa moli 0.1 kwa lita. Gramu kumi na mbili za kwanza anazimimina kwa kijiko bila kusita. Zinazobaki anazipata kwa kushika kijiko kwa mkono wa kushoto na kugonga mpini wake kwa kidole cha shahada cha kulia, hata fuwele zinaanguka mbili, moja, moja. Mizani inapanda 12.45, 12.47, inatulia. Anagonga mara moja zaidi. Hapumui upande wa mizani, na feni ya maabara ameizima kabla ya kuanza.

Buluu ya fuwele hizo imetokana na maji. Kwa kila ioni ya shaba ndani ya fuwele kuna molekuli tano za maji. Nne zimeishika shaba yenyewe, na ya tano iko pembeni, imeshikiliwa kati ya salfeti na maji mengine. Ili jambo hilo lieleweke, fundi anaweka chembe chache kwenye kibakuli cha kauri juu ya moto mdogo. Buluu inafifia kuanzia kingoni, inakuwa rangi ya majivu, kisha unga mweupe. Anazima moto, anasubiri kibakuli kipoe, anadondosha tone moja la maji. Buluu inarudi palepale. Muda wote huo shaba haikwenda popote. Kilichoondoka na kurudi ni maji yaliyoizunguka.

Molekuli au ioni inayoishika metali namna hiyo huitwa ligandi. Sharti lake ni moja: iwe na jozi ya elektroni isiyotumika, iliyo tayari kutolewa. Oksijeni ya maji inayo jozi hiyo. Nitrojeni ya amonia inayo. Ioni ya kloridi na ya hidroksidi zinayo pia. Ioni ya metali kwa upande wake imekwisha kupoteza elektroni kadhaa, na ina nafasi tupu za kupokelea. Katika kifungo cha kawaida cha kushirikiana, kila atomu huleta elektroni moja. Katika hiki ligandi huleta zote mbili, na metali huleta nafasi. Metali pamoja na ligandi zilizoizunguka ndizo ioni changamano, na kitu hicho kizima huelea majini kikiwa na umbo lake, chaji yake na mara nyingi rangi yake.

Fundi anauhamisha mrututu hadi kwenye bika, anausuuza ule uliobaki kwenye karatasi ili usipotee hata punje, anaukoroga kwa kijiti cha kioo bila kugonga kuta. Ukishayeyuka wote, anaumimina kwa faneli ndani ya chupa ya kipimo, kisha anaisuuza bika mara tatu na kila suuzo linaingia chupani. Anajaza maji hadi karibu na mstari uliochorwa shingoni, anaweka chupa chini, anachukua dropa. Hapo anapiga goti ili jicho lake liwe sawa na mstari, maana anayesoma akiwa amesimama huuona uso wa maji mahali usipo. Matone matatu, manne. Sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji inagusa mstari. Anaziba kizibo, anaipindua chupa juu chini mara nyingi, taratibu, na kuandika lebo kabla ya kugusa kitu kingine. Ndani ya chupa hiyo kila ioni ya shaba sasa imezungukwa na molekuli sita za maji, nne karibu na mbili mbali kidogo, na rangi yake ni samawati isiyokolea.

Amonia huja mwisho, na huandaliwa siku ileile. Sababu yake inaonekana kwenye rafu: chupa ya muhula uliopita, nusu tupu, kizibo chake hakikukazwa vizuri. Amonia ni gesi iliyoyeyuka majini, na chupa inayofunguliwa kila mara huipoteza kidogo kidogo. Myeyusho uliopungua nguvu hauonyeshi dalili yoyote kwa kuutazama, lakini utashindwa kuyeyusha mashapo ya zinki, na mwanafunzi atakayeona hayayeyuki ataandika alumini. Atakuwa ameandika alichokiona, na atakosa. Kwa hiyo fundi anaimwaga ya zamani na kupima mpya.

Chupa ya amonia kali amekwisha kuiweka kwenye beseni la maji baridi, kwani ikipata joto hujaa mgandamizo na kurusha mvuke usoni mwa anayeifungua. Anavaa miwani na glavu, anaibeba hadi kabati la kutolea mvuke, anawasha feni yake, anazungusha kizibo robo, anangoja, kisha anamalizia. Mililita 55 zinaingia kwenye maji ambayo tayari yamo katika chombo, kisha zinajazwa hadi nusu lita. Hiyo ni amonia ya moli 2 kwa lita, ya kutumia mezani. Harufu iliyotoroka inafika hadi mlangoni na kuchoma pua. Jozi ya elektroni iliyo juu ya nitrojeni haiioni pua wala jicho, lakini bila jozi hiyo kazi yote ya leo isingekuwepo.

Sasa jaribio lenyewe. Fundi anatia mililita mbili za myeyusho wa shaba ndani ya neli, anaishika kwa vidole vitatu karibu na mdomo wake, na kuleta dropa juu yake bila kugusa kioo. Tone la kwanza linaanguka. Pale lilipogusa panatokea wingu la samawati, zito, linaloshuka polepole. Anatikisa neli kwa kifundo cha mkono tu, mkono wenyewe umetulia. La pili, la tatu, la nne: wingu limejaa neli, na huwezi kuona kidole upande wa pili. Haya ni mashapo ya hidroksidi ya shaba. Amonia chache za mwanzo zimenyang'anya maji protoni na kuacha hidroksidi, na hidroksidi imeikamata shaba ikaitoa kwenye myeyusho.

Mwanafunzi mwenye haraka hubonyeza dropa hapo, mkondo mzima unaingia, na anaona kitu kimoja tu, kioevu cha buluu. Fundi anasita. Anaiinua neli dhidi ya karatasi nyeupe, anaisubiri, anaandika. Tone la tano linapoanguka, pembeni mwa wingu panajitokeza ukanda mwembamba wa buluu nyingine, iliyoiva, inayokaribia zambarau. Anatikisa na ukanda unapotea. Tone la sita linaurudisha, mpana zaidi. La saba, nao haupotei wote. Hesabu yake anaijua kichwani: mililita mbili za myeyusho huu zina ioni za shaba zinazodai amonia nne kwa kila moja, na kwa tone la kawaida la sehemu ya ishirini ya mililita, hayo ni matone manane kwa uchache. Tone la nane halitoshi kulisafisha wingu lote, kwa kuwa si kila amonia iliyotiwa hufika kwenye shaba, lakini kuanzia hapo mtu anaona upande mambo yanakoelekea. Anaendelea moja moja. Wingu linakonda, linakuwa ukungu, halafu neli inabaki na buluu tupu iliyokolea, inayopitisha mwanga.

Ndani ya neli, maji manne yaliyokaa karibu na shaba yameondoka moja baada ya jingine na amonia nne zimechukua nafasi zao, kama wageni wanaopishana kwenye viti vya sebuleni bila kiti kubaki wazi. Kila amonia inapoketi, shaba inameza mwanga kwa namna tofauti kidogo, na ndiyo maana rangi inakolea kwa hatua. Maji hayakuondoka kwa kulazimishwa na wingi wa amonia tu. Nitrojeni huitoa jozi yake kwa wepesi kuliko oksijeni, na shaba huishika amonia kwa nguvu zaidi kuliko inavyoshika maji. Ndiyo sababu amonia kidogo tu, katikati ya maji tele, inatosha kugeuza neli nzima.

Neli ya pili inapata sodiamu hidroksidi badala ya amonia. Wingu la samawati linatokea vilevile. Fundi anaongeza matone, anaongeza tena, anajaza robo ya neli, na wingu liko palepale. Kwa neli hizo mbili zilizosimama pamoja amethibitisha bila kusema neno kwamba buluu iliyokolea haikuletwa na ubesi. Imeletwa na amonia yenyewe, ikiwa ligandi.

Kisha zinafuata chumvi zisizo na rangi, na hapo ustadi unahitajika zaidi kwa sababu jicho halina pa kujishikiza. Zinki, alumini na risasi zote hutoa mashapo meupe kwa matone ya kwanza ya besi yoyote kati ya hizo mbili. Zote tatu huyeyuka sodiamu hidroksidi ikizidi, kwani hidroksidi nazo ni ligandi na hukusanyika nne nne kuizunguka metali. Tofauti inajitokeza kwenye amonia. Zinki huyeyuka amonia ikizidi, ikawa ioni yenye amonia nne. Alumini na risasi hukataa. Fundi anazipanga neli sita kwenye raki, tatu juu na tatu chini, na kuanza kutoka kushoto. Neli ya zinki inapokaribia kuwa safi anaweka nyuma yake kadi nyeusi, maana weupe hafifu hupotea mbele ya karatasi nyeupe. Alumini huitambua hata kabla ya kuongeza matone: mashapo yake ni mepesi, ya ute, yanapanda na kushuka kwa uvivu. Kutenganisha alumini na risasi anatumia iodidi ya potasiamu. Risasi inatoa manjano inayong'aa, alumini haibadiliki.

Mtu wa kwanza kueleza vizuri mpangilio huu aliegemea kazi ya namna hiihii, kudondosha na kuhesabu. Alfred Werner alizaliwa Mulhouse mwaka 1866 na kufundisha Zürich, nchini Uswisi. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 26, alichapisha maelezo ya chumvi za kobalti na amonia zilizokuwa zimewatatiza wanakemia kwa miaka mingi. Kloridi ya kobalti yenye amonia sita ilikuwa ya manjano, yenye tano ilikuwa ya zambarau, na yenye nne ilikuwa ya kijani. Zote zilikuwa na klorini tatu. Lakini ukitia nitrati ya fedha, ya kwanza ilitoa kloridi tatu, ya pili mbili, na ya mwisho moja tu. Werner akasema kobalti ina nafasi sita za karibu: amonia ikipungua moja, kloridi moja huingia mahali pake, na ikishaingia haipatikani tena na fedha. Mwanakemia wa Denmark, Sophus Mads Jørgensen, ambaye vipimo vyake ndivyo Werner aliviegemea, aliipinga hoja hiyo kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1913 ilikwenda kwa Werner.

Kazi ya ligandi haikomei mlango wa maabara. Kijani cha majani ya migomba na ya michai ya vilima vya Gusii ni klorofili, ambayo ndani yake magnesi moja imeshikwa na nitrojeni nne. Mama anayechemsha mboga ya chinsaga kwa muda mrefu huona kijani kikigeuka rangi ya zeituni: asidi ya mboga yenyewe imeitoa magnesi na kuweka haidrojeni mahali pake. Akitia magadi kidogo, asidi inapungua nguvu na kijani kinabaki. Ndani ya damu, chuma cha himoglobini kimeshikwa na nitrojeni nne za duara moja na ya tano kutoka kwenye protini, na nafasi ya sita ndiyo ya oksijeni, inayoikalia damu ikiwa mapafuni na kuiacha ikifika kwenye tishu za mwili. Nafasi hiyohiyo ndiyo inayotekwa na monoksidi ya kaboni kutoka jiko la makaa lililoingizwa ndani ya nyumba iliyofungwa usiku wa baridi. Gesi hiyo hukishika chuma kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Walalao humo hawasikii harufu yoyote. Ligandi moja imekaa mahali pa nyingine na haitaki kuondoka.

Saa nne wanafunzi wanaingia, wawili wawili kwa kila meza. Fundi anapita nyuma yao mikono ikiwa mgongoni. Hasemi jibu. Anachokisahihisha ni mkono.

"Mwalimu, niendelee?"

"Umetikisa?"

"Bado."

"Tikisa kwanza, kisha tone moja."

Kwenye daftari anawataka waandike hatua mbili, sio moja: kilichotokea kwa matone machache, na kilichotokea baada ya kuzidi. Mashapo meupe, yanayeyuka kwa kuzidi. Mashapo meupe, hayayeyuki kwa kuzidi. Sentensi hizo mbili zinatofautiana kwa silabi chache, na kati yao ndipo zinki inapoachana na alumini. Aliyemimina kwa mkondo hana cha kuandika kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu hakuiona. Fundi hamkemei. Anamletea neli nyingine, iliyokwisha kuoshwa, na kumwambia aanze upya.

Mabaki ya shaba na risasi hayamwagwi kwenye karo. Yanaingia kwenye ndoo mbili zenye lebo na vifuniko, na fundi anazifunga mwenyewe.

Siku ya KCSE kazi hii hupata uzito mwingine. Shule hupokea mapema kutoka Baraza la Mitihani, KNEC, maelekezo ya siri ya vifaa na kemikali zinazotakiwa, na kila kitu huandaliwa hapohapo shuleni. Katika swali la kupima kwa bureti, mwalimu hupata kipimo cha shule kwa kutumia myeyusho uleule watakaotumia watahiniwa, na usahihi wa kila mtahiniwa hulinganishwa na kipimo hicho. Kwa hiyo chupa iliyojazwa kupita mstari kwa matone mawili hubadilisha myeyusho wa darasa zima, na kipimo kilichosomwa kwa haraka humpunguzia alama mtoto aliyesoma vizuri. Fundi huyu hupima, humwita mwalimu wa somo apime, na tarakimu zao zisipolingana hakuna anayejadili ni ya nani iliyo sahihi. Vyombo vyote viwili vinarudi kwenye karo, vinaoshwa, na wote wawili wanapima tena.